Kupiga magoti ndani ya mtumbwi

Picha yangu ya kwanza ya maporomoko ya Sipi bado ninayo. Ukiitazama kwenye simu hutajua kwamba ni ya maporomoko. Juu kuna anga jeupe tele, chini kuna kijani cha migomba na mibuni, na katikati pananing'inia kitu kama uzi mweupe uliosahauliwa na fundi kwenye vazi. Uzi huo ni maji yanayoporomoka karibu mita 100 kutoka kwenye jabali la Mlima Elgon. Siku ile ngurumo yake niliisikia nikiwa bado juu ya boda, na nilipofika mbele yake moyo ulinienda mbio. Nikainua kamera, nikabonyeza, na yote yaliyokuwa yamenishika yakapotea.

Mimi ni mpiga picha wa Jinja, Uganda. Nimelelewa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya uani kwetu, maana watoto wa kambi tulitoka kila pembe ya nchi. Kazi inayonilisha ni harusi, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na picha za pasipoti. Mandhari ni mapenzi yangu, na kwa ajili yake nilinunua lenzi pana ya milimita 16 hadi 35 (milimita zikipungua, lenzi inaona kwa upana zaidi), iliyotumika, kwa akiba ya harusi saba. Niliamini nimenunua kitu cha kukusanyia: mlima wote, ziwa lote na mbingu yote ndani ya picha moja. Imani hiyo iliniharibia picha kwa karibu miaka miwili, na hadi leo naiona kwa vijana wanaokuja studio kunionyesha kazi zao.

Hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Ukubwa wa kitu ndani ya kamera ni kimo chake, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa umbali wake. Pale Sipi nilikuwa ng'ambo ya bonde, tuseme kilomita moja kutoka kwenye maji. Mita 100 kwa lenzi ya milimita 16 zinakuwa milimita 1.6 juu ya kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, na kihisi changu kina kimo cha milimita 24. Maji yote yale, pamoja na ngurumo yake, niliyapa sehemu moja kati ya kumi na tano za picha. Kwa lenzi ya milimita 50 yangepata karibu moja ya tano. Sasa chukua jiwe la kimo cha sentimita 20, liweke nusu mita kutoka kwenye lenzi ileile pana. Linakuwa milimita 6.4. Jiwe ambalo ungelipita njiani bila kuliona linakuwa kubwa mara nne kuliko maporomoko ya Sipi.

Nilipoipiga hesabu hiyo kwenye mgongo wa bahasha, niliitazama muda mrefu. Lenzi pana haikusanyi. Kilicho mbali inakisukuma mbali zaidi, na kilicho miguuni pako inakikuza. Lakini kujua kwa karatasi hakukutosha. Nikifika mahali pazuri, miguu ilinipeleka palepale pa zamani: juu, wima, nikitaka kuona kila kitu.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Ziwa Bunyonyi.

Nyumba moja ya wageni upande wa Kabale ilitaka picha za kalenda. Nilisafiri kutoka Jinja kwa basi, nikalala, na kesho yake nikapanda kilimani. Wasiofika huko wajue kwamba ziwa hilo liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, lina visiwa 29, na milima inayolizunguka imekatwa matuta ya mashamba kutoka majini hadi kileleni. Asubuhi baridi yake ni ya koti na kofia. Ukungu unalala juu ya maji, unakatika, unaungana tena, na ndani yake unasikia makasia kabla hujaona mtumbwi. Jina lenyewe kwa Kirukiga, lugha ya huko, ni mahali pa ndege wadogo wengi, na ndege kweli hawanyamazi.

Siku mbili nilipiga picha kutoka kilimani. Mwenye nyumba ya wageni alizipitia kwenye kompyuta yangu moja baada ya nyingine bila kusema neno, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Ziwa liko wapi?" Lilikuwapo. Lilikuwa mkanda wa kijivu katikati ya picha, na visiwa vyake vilikuwa kama makombo ya mkate juu ya meza. Chini ya mkanda huo kulikuwa na majani ya kilima yaliyojaza nusu ya picha, majani ambayo mimi mwenyewe sikuyatazama hata mara moja nilipokuwa nayakanyaga. Hakuzichukua. Siku nne za kazi na nauli zikaenda.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa kwenye gati la mbao, mkoba wa kamera magotini, mzee mmoja akawa anafunga mtumbwi wake. Alinisalimia kwa Kirukiga, nikajibu kwa shida, akahamia Kiswahili. Kiswahili cha jeshi.

"Kijana, mimi nakuona tangu jana. Unapanda juu, unasimama, unashuka. Unatafuta nini?"

"Natafuta ziwa, Mzee."

"Ziwa iko hapa chini."

Nikacheka kidogo, nikamwambia baba yangu naye alitumikia. Basi toka hapo nikawa "mtoto ya kambi", naye nikamwita afande, ingawa bunduki aliiweka chini miaka mingi iliyopita na sasa kazi yake ni kuvusha watu na viazi. Akaniambia nije kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mashua za injini hazijaanza kuvuruga maji.

Mtumbwi wa Bunyonyi ni gogo la mkalitusi lililochimbwa. Huwezi kusimama ndani yake. Nilipojaribu, chombo kiliyumba na mzee akasema neno moja tu, "Chini!", kwa sauti ya paredi. Nikapiga magoti upande wa mbele, yeye akakaa nyuma na kasia. Na kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti, kamera kifuani, jambo lililojaza kioo cha kamera halikuwa tena ziwa. Ilikuwa pua ya mtumbwi.

Naieleza kama ilivyokuwa, maana hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Mbao ilikuwa nyeusi kwa maji ya miaka, yenye nyufa ndefu zilizokwenda mbele pamoja na chombo chenyewe. Mkono wa kulia, karibu sentimita 60 kutoka kwenye lenzi, palikuwa na kiraka cha bati kilichopigiliwa misumari kumi na moja, mingine imepinda, na ukingo wake ulikuwa umezibwa kwa lami. Kutu ilikuwa imeshuka kutoka kwenye msumari mmoja na kuchora mstari mwekundu hadi kwenye maji kidogo yaliyotuama sakafuni, na ndani ya maji hayo kulikuwa na kipande cha anga. Kingo mbili za mtumbwi zilikwenda zikikaribiana hadi kwenye ncha, na mbele ya ncha palikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu kisiwa. Sikupanga chochote. Jicho lilipita lenyewe kutoka kwenye kiraka, likafuata nyufa, likatoka kwenye ncha, likafika kisiwani.

Nikapiga. Nikasogeza kamera kulia kiasi cha upana wa kiganja, nikapiga tena. Kisiwa hakikusogea hata chembe, lakini kiraka kilihama kutoka ukingoni kuelekea katikati, na ile njia ya jicho ikavunjika. Hapo nikaelewa kwamba kwa lenzi hii mpangilio wa picha unafanywa kwa sentimita. Tangu siku hiyo nikifika mahali, kamera huwa naiacha mkobani kwanza. Natembea nimeinama, natafuta kitu cha mbele kinachostahili, na nikikipata nasogea, halafu nasogea tena, mpaka naona aibu kidogo kwa ukaribu. Mara nyingi hata hapo huwa bado sijafika.

Kuna jambo la kimo ambalo nililipata mle mtumbwini kwa bahati na baadaye nikalifanyia majaribio ufukweni. Picha ya lenzi pana ina ugonjwa wa tumbo tupu: mbele kuna kitu, mbali kuna kitu, na katikati kuna uwanja mtupu usio na la kusema. Dawa yake ni kimo cha kamera. Ukiiteremsha, uwanja wa katikati unabanwa na cha mbele kinakaribia kugusa cha mbali. Ukiipandisha, uwanja unafunguka. Kwa hiyo kupiga magoti hakutoshi kuwa desturi. Pale ambapo katikati ndipo penye utajiri, kwa mfano matuta ya viazi yanayopinda kama mistari ya kiganja, nainua stendi hadi juu ya kichwa changu. Pale ambapo katikati ni maji ya kijivu tu, nashuka mpaka goti linalowa.

Kulipopambazuka vizuri niligeuka nyuma nimpige mzee. Alikuwa amenyoosha mkono na kasia pembeni mwa fremu, na mkono ule kwenye picha ukatoka mrefu na mnene, mara moja na nusu ya ule wa pili. Lenzi pana inavuta vilivyo kwenye kingo na pembe, na mwili wa mtu hauvumilii kuvutwa. Watu nawaweka katikati au karibu nayo. Na ukiielekeza kamera juu, mikalitusi yote ya ufukweni inainamiana kama inanong'onezana. Mara nyingi sitaki hivyo, basi naishika kamera sawa kabisa, kisha napanda au nashuka mwili mzima.

Tulipita mbali kidogo na Akampene, kile kisiwa kidogo chenye mti mmoja, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Nilianza kuinua kamera, maana mti ule peke yake juu ya maji ni umbo la kumvutia mpiga picha yeyote. Mzee aliacha kupiga kasia. Akaniambia, "Hiyo usifanye maua." Sikuipiga asubuhi ile. Baadaye nimeipiga mara moja, kutoka mbali, ikiwa ndogo kama ilivyo, bila kitu chochote cha kuipamba mbele yake, na sijaiuza.

Sasa mwanga, maana kwa mwanga nilifeli vibaya zaidi kuliko kwa mpangilio.

Nilikuwa nimejifunza kwa video za watu wa nchi za mbali, na wao huzungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Kwao jua hupanda kwa mshazari, linajikokota kwenye upeo. Kwetu karibu na ikweta linapanda kama ndoo inayovutwa kisimani, moja kwa moja, nyuzi 15 kwa saa. Dakika 24 baada ya kuchomoza tayari liko nyuzi sita juu na wekundu umeshaanza kuondoka. Jioni nayo, likishazama, giza linaingia upesi vilevile. Kwa hiyo hapa huwezi kwenda kutafuta mahali wakati mwanga umeshakuwa mzuri. Pahali panatafutwa jana yake mchana. Bunyonyi jua linachomoza karibu saa moja asubuhi mwaka mzima, likitofautiana kwa nusu saa tu, lakini milima inalificha, na mwanga unagusa kwanza vilele vya upande wa magharibi kisha unateremka matuta kwa matuta. Ukijua hivyo unajua pia wapi pa kutazama: mgongo kwa jua lisiloonekana bado.

Asubuhi ile ya kwanza nilipiga picha zaidi ya 200, na kioo cha kamera kiliniambia zote ni nzuri. Nilipozifungua Jinja zilikuwa na giza. Sababu ni kwamba katika nusu giza ya alfajiri kioo kinang'aa kama taa na jicho linadanganyika. Siku hizi kioo nimekipunguza mwanga na simwamini isipokuwa histogramu, ule mchoro wa kilima unaoonyesha weusi kushoto na weupe kulia. Ukilala wote kushoto picha ni giza, hata kama macho yanasema inapendeza.

Kamera yenyewe nayo ina tabia yake. Inapopima mwanga inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukungu ni mweupe, kamera inautia kijivu, na Bunyonyi yako inakuwa kama moshi wa tanuri la matofali. Nilipoanza kuongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili ya kipimo cha kamera, ukungu ukarudi kuwa ukungu. Lakini ukungu ukikatika na anga likafunguka, mambo yanageuka. Lenzi pana inabeba anga kubwa, anga linaidanganya kamera kwamba kuna mwanga mwingi kila mahali, na milima inazama gizani. Ukiiokoa milima, anga linaungua. Na palipoungua pameungua, hakuna programu itakayorudisha wingu ambalo kihisi hakikuliandika. Kivuli, kinyume chake, kinainuliwa kwa kiasi kikubwa ikiwa umehifadhi faili ghafi, yenye kila kilichoandikwa na kihisi, na si JPEG iliyobanwa pekee. Basi napima kwa anga: nasogeza mwanga kulia mpaka weupe unakaribia kupepesa kwenye kioo, ishara ya kuungua, narudi nyuma kidogo, napiga.

Nilijaribu pia filta yenye giza nusu, kioo cha kuvika mbele ya lenzi ili kufifisha anga. Baharini au kwenye tambarare za Kidepo ambako upeo ni mrefu na wazi, sina ugomvi nayo. Kwenye milima ya Kigezi, huko upande wa Kabale, haifai, kwa sababu mstari wake umenyooka na milima haijanyooka, na vilele vyote vinatoka vimevikwa kilemba cheusi. Ufukweni, stendi ikiwa imara, napiga tatu kwa mpigo, moja ya anga, moja ya kati, moja ya ardhi, na kuziunganisha nyumbani kwa mkono. Mtumbwini hilo haliwezekani, chombo hakitulii hata pumzi moja. Kule ni picha moja na uamuzi mmoja.

Kuhusu ukali wa picha nitasema machache. Zamani nilifunga tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikikua, tundu hupungua) nikidhani ndiyo njia ya kupata ukali kutoka jiwe hadi mlima. Picha zote zilitoka laini, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno unatawanyika. Lenzi ya milimita 16 haihitaji hivyo. Kwenye f/11, ukilenga sentimita 80 mbele yako, una ukali kuanzia sentimita 40 hadi mbali kabisa. Mtumbwini nilitumia f/8 na kulenga mita moja, ISO 800 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga), na bado misumari ya kile kiraka unaihesabu.

Filta ya kukata mng'ao ndiyo iliyonipa aibu moja Kasese. Niliivaa asubuhi nikipiga mashimo ya volkeno ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, nikafurahia bluu yake. Nyumbani nikaona anga lina doa jeusi upande mmoja na limepauka upande mwingine, kama shuka lililofuliwa nusu. Filta hiyo hutia giza zaidi sehemu ya anga iliyo pembe mraba na jua, na lenzi pana inaona anga la kutosha kuonyesha tofauti yote. Sasa naivaa kwa majani yaliyolowa na miamba yenye maji, si kwa anga.

Maporomoko ya Murchison nilikwenda na mtumbwi bado uko akilini. Mto Nile unajipenyeza kwenye ufa wa mita kama saba na kuanguka mita 43, na ukisimama juu pale mwamba unatetemeka chini ya viatu. Nilirudi nyuma ya uzio mahali salama nikaweka jiwe jeusi lenye maji mbele ya lenzi, na ufa nyuma yake. Taabu ya pale ni manyunyu. Kila tone juu ya kioo linakuwa duara la mwanga katika picha, na kadiri unavyofunga tundu ndivyo linavyoonekana. Nilikuwa na vitambaa vinne vya pamba, kamera nimeigeuzia mgongo upepo, nafuta, nageuka, napiga mbili tatu, narudi. Wenzangu wengi wanapenda maji yaliyolainishwa kwa sekunde mbili au tatu. Kwa kijito cha Sipi nakubali. Kwa Nile nakataa. Ukiupa sekunde mbili, nguvu yote ile inakuwa maziwa ya kumwagwa. Nilipiga moja ya kumi na tano ya sekunde, na mikono ya maji ikabaki mikono. Na upinde wa mvua ulipojitokeza nilishukuru kwamba ile filta ya mng'ao ilikuwa mkobani, kwa sababu ukiizungusha vibaya inaufuta upinde wote.

Kuna mandhari ambayo lenzi hii haiyawezi, na ni heshima kukubali. Milima ya Rwenzori kutoka Kasese ni mojawapo. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109, na siku nyingi kimefunikwa mawingu. Asubuhi chache kinapojifungua, ukikielekezea milimita 16 kinakuwa kilima cha kawaida nyuma ya paa za mabati. Pale naivua na kuvaa lenzi ndefu. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alipanda milima hiyo akiwa na msafara wa mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Dyuki wa Abruzzi, na picha alizoleta zinaonyesha barafu iliyoshuka mabegani mwa vilele. Barafu hiyo leo imebaki vipande. Naziangalia picha zake mara kwa mara, na kila mara najiambia nisichelewe tena kufika mahali.

Msimu nao una lake. Kiangazi cha mwezi wa pili na wa saba hewa inajaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na milima ya mbali inafutika. Watalii wanapenda miezi hiyo kwa barabara kavu. Mimi nasafiri mvua zikiwa zimeanza, mwezi wa tatu, wa tisa, nikiwa na mfuko wa plastiki wa kuvika kamera. Mvua ikikoma kwa nusu saa, hewa inakuwa safi mpaka unahesabu matuta ya ng'ambo.

Ilikuwa mvua kama hiyo iliyonirudisha Bunyonyi, miezi kumi baada ya safari ya kwanza. Tuliondoka gizani, mzee nyuma, mimi magotini mbele. Nilijua ninachotaka: kiraka chini upande wa kulia, ncha ya mtumbwi ikigusa ukingo wa ukungu bila kuuvuka, kisiwa juu kushoto, anga kidogo tu. Nilimwomba asimamishe kasia. Tukaelea. Mwanga ulishuka kwenye matuta ya magharibi, ukafika majini, na kwa muda wa kama dakika nne maji yaliyotuama sakafuni mwa mtumbwi yalikuwa na rangi ileile ya mlima. Nikaongeza stopu moja kasoro kidogo. Nilipiga kumi na sita. Ya tisa ndiyo yenyewe.

Niliichapa kwa upana wa nusu mita, nikaibeba ndani ya bomba la plastiki hadi Kabale. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Hakutazama ziwa wala kisiwa. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye bati, kikapita juu ya misumari mmoja mmoja.

"Hii nilipiga usiku, na tochi," akasema. "Siku hiyo nilikuwa na magunia nane, na maji inaingia." Akanyamaza, akahesabu tena. "Kumi na moja. Kweli."

Mke wake alikuja kutazama, akamwuliza kitu kwa Kirukiga, wakabishana kidogo. Mzee akanitafsiria: mama anauliza mbona shamba lake la mtama halimo, na lipo palepale juu ya gati. Nikatoka nje tukalitazama pamoja. Matuta matano, masuke yameanza kuwa mekundu, na ziwa lote chini yake. Nilimwambia nitarudi wiki mbili baadaye, mtama ukiwa haujavunwa, na nikamwomba ruhusa ya kulala chini katikati ya mistari yake.